Nyuzi Nne, Nyuzi Tisini

9 Januari

Mtoto wa shangazi,

Mimi mzima, na hofu yangu yote iko kwenye mwandiko wako. Barua yako ya mwisho nimeisoma kwa miwani, kisha kwa kioo cha kukuzia, kisha kwa kubahatisha. Mtu aliyelipwa miaka thelathini na sita kuchora ramani za viwanja vya watu anaandikaje "r" inayofanana na "v"? Uliandika kwamba maumivu ya goti yamerudi, mimi nikasoma yamevuja. Nikakuombea siku tatu.

Mama yako hajambo. Tangu nimchukue kuishi nami, yeye amekuwa mwenye nyumba na mimi mpangaji. Masikio ndiyo yamezidi kuwa mazito. Kengele ya mlango haisikii, redio haisikii, mimi hanisikii, ila akitajwa chumba cha pili anauliza, "Mnanisema nini?"

Kiwanda cha uchapaji kimeniaga rasmi mwezi uliopita. Baada ya miaka yote hiyo ya kusoma prufu na kuwindana na makosa ya watu, wamenipa saa ya ukutani na kadi ya shukrani yenye makosa matatu. Nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu nikawarudishia. Wamesema hawatanisahau.

Sasa jambo lenyewe. Radi alikuja hapa. Ndiyo, mpiga dramu wenu yule yule, sasa ana kipara na wajukuu, na bado anagonga kila meza anayokalia. Amestaafu kufundisha muziki. Anasema ule ukumbi nyuma ya shule yetu, mlipokuwa mkipiga roki yenu mpaka vioo vinatetemeka, utavunjwa mwezi wa nane. Anataka bendi ipige mara moja ya mwisho, Jumamosi ya tarehe 19 Julai. Mwimbaji wenu amekubali, na gita lake. Nafasi iliyobaki ni ya besi, lile gita la nyuzi nne, na mwenyewe unajijua.

Zaidi ya hayo, anataka usimame usimulie kile kisa cha fomu. Namna mlivyoapa, nyote watatu, kuomba chuo cha muziki. Namna palipoulizwa "Unapenda kusoma nini zaidi?" ukaandika "nyuzi", ukimaanisha za gita, na karani, mtu wa hesabu, akadhani ni nyuzi za pembe, zile tisini na mia na themanini, akakupeleka chuo cha upimaji ardhi. Radi amewasimulia wanafunzi wake wote kisa hicho. Anasema wanacheka, halafu wanaanza kuandika kwa uangalifu.

Jibu ndiyo au hapana. Usinipimie.

Nukta

Nimesahau: gita lako la besi bado liko juu ya kabati langu, ulipoliacha "kwa miezi mitatu". Miezi ya huko ina siku ngapi?


Jumapili, 2 Februari, saa nne asubuhi

Mtoto wa mjomba,

Shikamoo yangu iko wapi? Nimekutangulia kuja duniani kwa miezi mitatu kamili, na tangu tulipokuwa na umri wa miaka sita unanidai ushahidi. Cheti cha kuzaliwa ninacho. Nitakutumia kwa posta ya rejista.

Sijambo. Goti limetulia, halijavuja. Naishi ghorofa ya nne na lifti inafanya kazi siku inazojisikia, kwa hiyo natoka mara moja kwa siku na nikirudi nimerudi. Nasoma. Vitabu vimepanda ukutani mpaka dirishani. Binti yangu akija husema nimejijengea kaburi la karatasi. Mwambie Mama kwamba nakula vizuri, hata kama hatasikia. Na hongera kwa saa ya ukutani. Wamekupa saa siku usiyoihitaji tena. Hilo nalo ungelisahihisha.

Kuhusu Radi. Nimefurahi kusikia yuko hai na bado anaharibu meza. Lakini vidole vyangu vimekuwa vigumu, safari ni ndefu, na mtu haingii tena ukumbini baada ya miaka arobaini na moja kama aliyesahau mwavuli. Besi nayo si ya mchezo. Unakumbuka? Haikuwa inasikika sikioni. Ulikuwa ukiisikia kwenye nyayo, na kwenye glasi za maji zilizokuwa zikitembea zenyewe mezani. Gita la mwimbaji linakoroma huko juu, watu wanapiga kelele, wanamtazama yeye, na mimi nimesimama kando ya spika, chini ya vyote, nabeba. Mpiga besi mzuri ni kama msingi wa nyumba: mgeni akiuona, jua kuna ufa.

Tena gita lenyewe limeshakufa. Nyuzi zilizokazwa miaka yote hiyo huvuta mbao. Shingo itakuwa imepinda kama upinde.

Mpe Radi salamu, na umwambie hapana, kwa maneno mazuri. Wewe una maneno.

Nyuzi Nne


1 Machi

Mtoto wa shangazi,

Shikamoo nitakupa siku utakayoifanyia kazi.

Huku salama. Mama yako ameanza kusema nyumba inanguruma. "Kama zamani," anasema, na anacheka peke yake. Nimemwambia ni lori la taka. Kidole changu cha shahada na cha kati vina plasta nchani, ndiyo maana mwandiko wangu leo umekaribia wako. Nimejikata na karatasi.

Maneno mazuri ya hapana sikumpa Radi. Nilimwambia unafikiria. Basi ameshakwenda kuchapisha tangazo: "Besi: Nyuzi Nne, kutoka ng'ambo." Alikuwa ameandika "bendi ya zamni". Nimempatia "a" yake.

Shingo ya gita haijapinda hata kidogo, kwa taarifa yako. Nyuzi ziko sawa, zina mng'aro. Kwa hiyo sababu hiyo nimeifuta. Vidole vigumu, nimefuta. Radi ana bega lililowahi kuteguka na hasemi. Safari ndefu, nimefuta; ulikuja kwenye arusi ya binti yangu, ukakaa wiki mbili ukinipangia upya vitabu. Imebaki sababu usiyoiandika. Nasubiri.

Nukta


Jumatatu, 24 Machi, saa mbili na nusu asubuhi

Mtoto wa mjomba,

Ni mzima, na binti yangu amepata nafasi ya kudumu kwenye kliniki ya meno, kwa hiyo sasa ananikagua kinywa kila Jumapili kama farasi wa mnada.

Nimeipima barua yako, kwa kuwa ndiyo kazi niliyosomea. Kwanza, nyuzi za chuma zinazokaa juu ya kabati miaka arobaini na moja hushika kutu. Hazina mng'aro. Pili, karatasi humkata mtu ubavuni mwa kidole, si nchani, na haikati viwili kwa pamoja. Tatu, lori la taka halingurumi "kama zamani". Mistari mitatu ikikutana, mpima ardhi huweka nukta kwenye ramani. Na Nukta tayari ninaye. Sijasema kitu. Nimepima tu.

Kuhusu kile kisa, mwambie Radi atafute msimuliaji mwingine. Kimezeeka. Watu wa siku hizi hawajui hata kwamba kuna fomu zilizokuwa zikijazwa kwa kalamu. Na mwambie afute jina langu kwenye tangazo kabla halijapigwa na jua.

Usinisukume, tafadhali. Nakuomba kama mkubwa wako.

Nyuzi Nne


15 Aprili

Mtoto wa shangazi,

Mama yako hajambo, mimi sijambo. Leo salamu ni fupi.

Kisa hicho hakijazeeka, kwa sababu hakikuwahi kutokea. Nakijua kwa kuwa nilikitunga mimi.

Umesahau nani aliyenakili fomu yako? Mwandiko wako ulikuwa huu huu. Ulinipa rasimu yako kwenye meza ya jikoni kwa Shangazi, ukaenda dirishani ukanipa mgongo, nami nikainakili kwa wino mweusi. Chaguo la kwanza: upimaji ardhi. Chaguo la pili ulilipiga mstari. Palipoulizwa unapenda kusoma nini zaidi, uliandika "hesabu". Neno "nyuzi" halikuwemo.

Halafu majibu yakatoka, Radi akaja na barua yake mkononi, akauliza mlangoni, "Yake iko wapi? Imesemaje?" Ulikuwa kama mtu aliyemeza funguo. Mimi ndiye niliyesema, "Si karani huyo! Ameandikiwa nyuzi za gita, yeye akaona nyuzi za pembe!" Radi akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamlaani karani, kisha akalia kidogo. Wewe ukacheka pia. Tangu siku hiyo kisa kikawa chako, na mimi sikudai hata shukrani.

Karani yule maskini hakuwahi kuzaliwa, na amelaaniwa kuliko watu wengi waliozaliwa.

Miaka arobaini na moja sijakuuliza. Leo nakuuliza: kwa nini?

Nukta


20 Mei

Mtoto wa shangazi,

Wiki tano. Nimekwenda posta kuuliza kama imefungwa. Haijafungwa. Karani wa pale ni mtu halisi, na amekusalimu.

Kama nimekuudhi, niandikie kwamba nimekuudhi, na uweke nukta mwishoni. Mama yako ananiuliza mbona siku hizi simsomei barua. Nimembandikia uongo sikioni, ameukataa. Amesema niandike maneno haya, na nisiyaguse:

"Mwambie mwanangu hakuna mtu aliyemfukuza. Hata baba yake alikuwa akisimama uani kusikiliza."

Sijayagusa.

Nukta


Jumatano, 28 Mei, saa tano asubuhi

Mtoto wa mjomba,

Hujambo wewe, hajambo Mama. Mimi nimekuwa mgonjwa wa kalamu. Kila siku nimeketi na karatasi, kila siku nimeishia kwenye salamu. Nina salamu kumi na nne hapa ambazo hazina barua.

Basi nakujibu.

Chini ya fomu ya chuo cha muziki kulikuwa na mstari kwa maandishi madogo. Wewe hukuuona kwa sababu fomu hiyo sikukupa. "Mwombaji atapiga peke yake mbele ya walimu watano, kwa dakika kumi." Nikaazima ufunguo wa ukumbi, siku ya Alhamisi, mchana. Nikaunga kebo, nikapiga dakika kumi kamili, nikitazama saa. Vidole vyote vilikwenda panapotakiwa. Sikukosea hata mara moja, na naomba uliandike hilo mahali. Lakini ilikuwa kama kumsikiliza mtu akitembea ndani ya nyumba isiyo na samani. Mama mfagiaji alikuwa ameegemea ufagio wake mlangoni, muda wote. Nilipomaliza akaniuliza, kwa upole kabisa:

"Wengine wanakuja saa ngapi?"

Ndiyo hiyo tu. Baba hakunikataza, karani hakunionea. Nilizima spika, nikarudisha ufunguo, nikajaza fomu nyingine. Sikuweza kufikiri kwamba nitasimama mahali peke yangu nitazamwe. Nilikipenda kile chombo kwa sababu kilinificha, Nukta, na chuo kilitaka kunitoa mafichoni. Nyuma ya darubini ya mpima ardhi hakuna anayekutazama. Wewe ndiye unayetazama.

La aibu zaidi hili hapa, na wewe ndiye wa kwanza kulisoma: kazi yangu niliipenda. Nimeweka mipaka ambayo imesimama, na majirani hawajapigana. Sikuamka asubuhi hata moja nikimlilia mwanamuziki niliyemuua. Watu walinionea huruma kwa ajili ya karani, nami nikaipokea huruma hiyo mlangoni kama barua ya jirani, nikaifungua. Ninachojuta ni kimoja. Radi alipanda ngazi za chuo kile akiamini kwamba tulitenganishwa. Hatukutenganishwa. Mimi niliondoka.

Leo hii nimemwandikia yeye pia, maneno haya haya, kwa mwandiko mzuri kadiri nilivyoweza. Zote mbili nazipeleka posta pamoja.

Sasa zamu yako. Mezani siku ile kulikuwa na fomu mbili. Yangu uliinakili neno kwa neno. Yako sikuitazama, sikuuliza, na miaka yote hii sijawahi kuuliza. Chaguo lako la pili lilikuwa nini? Na hizo plasta, binamu yangu, ni za nini?

Nyuzi Nne


19 Juni

Mtoto wa shangazi,

Sijambo. Mama yako hajambo, nimemsomea barua yako kwa sauti ya mnada, jirani wa juu na wa chini sasa wanajua maisha yako. Nilipofika kwa mfagiaji alicheka mpaka akaomba maji.

Radi alikuja jana na yake mfukoni. Alikaa pale anapokaa siku zote. Hakugonga meza. Dakika kumi nzima, mikono imelala kama soksi. Mwishowe akauliza, "Kwa hiyo alituacha na akili zake timamu?" Nikasema ndiyo. "Na karani?" Nikasema karani nilimzaa mimi. Akanitazama. "Nimemtukana huyo mtu mbele ya watoto wa watu miaka thelathini!" Nikasema, pole. Akakunja tangazo, akachukua kalamu yangu nyekundu, hakuniomba, akalikata jina lako.

Usishtuke, bado sijamaliza.

Chaguo langu la kwanza lilikuwa uchapaji. La pili lilikuwa muziki. Chombo: besi. Nilikuwa nakusikiliza ukutani kila siku, nyumba zetu zimepakana, ulitaka nijifunze nini, filimbi? Sikumwambia mtu kwa sababu besi ilikuwa yako, na mtu hawezi kuomba kitu ambacho mwenzake anacho na anakwenda nacho chuoni. Halafu nikakaa mezani nikanakili fomu yako, nikaona umekitupa. Nilinakili vizuri, sikudondosha wino. Lakini kama umewahi kujiuliza kwa nini nilikuwa mkali kwako mwaka ule mzima, sasa unajua.

Sikulishusha lile gita mpaka miaka sita iliyopita, Mama yako alipoanza kupoteza masikio. Redio ikawa haimfai, akawa anakaa tu. Siku moja nalifuta vumbi, kidole kikagusa uzi mnene. Akageuka. Akaweka kiganja kwenye mkono wa kiti chake akasema, "Huyo ni nani?" Unaelewa? Alisikia. Kwa mbao. Nikanunua nyuzi mpya kesho yake. Shingo ilikuwa imepinda, ulipima sawasawa, fundi aliinyoosha. Tangu hapo nampigia kila alasiri. Ndilo lori lako la taka.

Jana, Radi alipokata jina lako, nilikwenda nikalileta gita, kwa kuwa sikujua kingine cha kufanya na mikono yangu. Nikapiga ule wimbo wenu wa kufungulia. Niliukosea mara mbili. Mara ya pili meza ikaanza kugongwa.

Tangazo sasa linasema "Besi: Nukta". Umri wangu hawakuandika. Nimewakataza.

Anasema wewe uje umwambie usoni, si kwa barua. Anasema hana uhakika atakupa mkono. Na mimi sina uhakika nitaweza kusimama pale na miguu hii inayotetemeka hata kabla ya kuwasha spika. Sijui kama ninaomba uje kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Sahihisha unavyoona.

Nukta


Ijumaa, 18 Julai, saa tisa na dakika ishirini alasiri, ngazini kwako

Mtoto wa mjomba,

Mimi mzima, na wewe nakusikia kwamba u mzima, kwa kuwa niko nje ya mlango wako. Nimebonyeza kengele mara sita. Mmoja wenu hasikii, na mwingine ndiye anayesababisha wengine wasisikie. Kwa hiyo nimeketi kwenye ngazi, begi likiwa meza, na barua hii nitaipitisha chini ya mlango.

Nimeanzia kwa Radi. Hakunipa mkono. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa, akasema, "Umenenepa." Kisha akanipa spika, ile kubwa, akasema nitaibeba mimi kesho, kwenda na kurudi, na kwamba tutaona baada ya hapo. Nimekubali masharti. Kesho nitasimama mbele ya watu, peke yangu, niwaambie kwamba hakukuwa na karani. Nimepima: ni dakika mbili. Nilizikimbia kumi.

Kisha nitakaa mstari wa mbele, kando ya Mama, kiganja changu kwenye kiti chake. Miguu yako ikitetemeka, itetemeke. Wataidhania ni besi.

Umekosea sasa hivi, kwenye kona ya ubeti wa tatu. Rudia. Hapo hapo. Ndiyo.

Lile jina la zamani nimelitumia bila haki, na nalirudisha kwa mwenyewe. Mimi nitabaki na lile la karani. Na hiyo nyingine, ambayo nimeidai tangu tuna miaka sita, leo naitoa mimi, tena nimesimama, goti na yote:

Shikamoo, Nyuzi Nne.

Maliza wimbo kwanza, halafu nifungulie.

Nyuzi Tisini